Beseni ya Bure na Nusu Dola ya Mwezi

Butembo, tarehe 11 mwezi wa pili 2001

Mutoto yangu Nadège,

Habari ya siku nyingi? Habari ya Bungulu, habari ya bwana yako Timothée, habari ya ile tumbo inayoanza? Siye huku tuko, Mungu anatulinda. Mugongo inaniuma kidogo asubuhi, lakini ni ya kuinamia magunia, haiko ugonjwa. Kama na wewe uko na afya, basi moyo yangu imeshiba.

Mwana wangu, tangu driver Muyisa aliniletea habari kama umepata kazi ku guichet, ile dirisha ya franga, ya chama ya akiba Coopec Tulinde, mi nimekuwa mutu mwengine mu soko. Natembea polepole. Mama Jokébed, huyu wa meza ya pembeni yangu, aliniuliza: "Mama Nadège, ni muguu inakuuma?" Nikamwambia: "Hapana, dada, ni heshima. Mutoto yangu anakaa nyuma ya vyuma, batu banapanga mustari mbele yake, hata bacommandant banavua kofia." Sijui kama banavua. Utaniambia. Lakini nilishasema.

Donc, sikia. Unajua ile kopo ya maziwa ninayofichaka mu gunia ya maharagi. Ndani muko dola mia moya na makumi tano na tano. Ni ya kizazi chako, haiko ya kitu kingine. Mimba ya kwanza ulipoteza mu kukimbia vita. Na mimi mwenyewe nilikuzaa wewe siku tatu, mukunga akasema mifupa yangu iko na mulango mudogo, na wewe ulichukua mulango wangu. Siku munganga atasema "tukate tumbo", sitaki mutoto yangu alale ku barza juu mama yake hana caution, ile franga ya kuweka mbele ku hôpital.

Lakini wiki jana batu ba bunduki baliingia kwa jirani Stanislas. Bakapasua hata mito, bakachukua hata chumvi. Nikasema, kopo yangu haina tena usingizi.

Basi siku ya ine nilifunga meza, nikavaa kikwembe ya misa, nikazunguka nyumba zote zinazowekaka franga ya batu, sawa vile nachaguaka maharagi: sinunuake na macho, natia mukono mpaka chini ya gunia.

Ya kwanza, Caisse Bahati. Eh, Mungu wangu! Saruji inang'aa mpaka niliona meno yangu mu chini. Kufungua: bure. Kila mwezi: bure. Ukiweka dola mia, unapewa beseni ya bluu, kubwa, mutoto anaweza kuogea ndani. Na kila dola mia, mwisho wa mwaka banakurudishia tatu juu. Tatu, mwana wangu! Ya kukaa tu! Hii njo matabishi ya kweli. Mununuzi akilipa kopo ine za maharagi, namuongeza mukono moya juu, anaenda anacheka. Leo njo nimeona nyumba ya franga inayojua soko.

Ya pili, caisse ya paroisse. Kufungua dola moya, banafungua mulango siku mbili kwa wiki, na Padri anajua uko na ngapi. Siku ya sadaka atakuangalia usoni.

Ya tatu ni ya kwenu, tawi ya Tulinde ya hapa Butembo. Mbao ya guichet imepasuka. Beseni hakuna. Calendrier hakuna. Na kila mwezi banakata nusu dola! Nilishika kichwa. Franga ni yangu, halafu inakaa mule sawa mupangaji, inalipa nyumba?

Niambie, wewe uko ndani.

Mama yako,
Mariette Kahongya


Beni, tarehe 25 mwezi wa pili 2001

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia kwa heshima. Mugongo iko namna gani? Upake ile mafuta nilikutumia, hapana kuipaka Mama Jokébed yote. Siye tuko bazima. Timothée anafundisha, bazazi banamulipa na muhogo, donc tunakula muhogo. Tumbo inaenda vizuri.

Hapana, Mama, bacommandant habavui kofia. Banaweka tu bunduki pembeni, na ile ni mingi tayari.

Sasa ile nusu dola. Robo yake ni ya kitabu, muhuri na mafuta ya groupe ya umeme. Robo ingine inaingia mu kitu tunaitaka caisse ya mukono. Mwanamemba akilipa miezi sita bila kuruka hata moya, na yeye ao mutoto yake akaingia ku hôpital, Coopec inalipa caution siku ile ile, na yeye anarudisha polepole, mwaka muzima, bila faida. Mi mwenyewe sina haki, wala Timothée. Mufanyakazi na bwana yake habakopi mu chungu anayopika. Lakini wewe unaweza.

Na kitu kingine: tuko na phonie, ile redio ya kusemezana. Ukiweka franga pale Butembo, mi naitosha mu musanduku ya huku Beni siku ile ile. Hakuna kitu kinapita mu barabara.

Mbele ya kutia kidole kwa Bahati, uliza maswali mbili tu: "Siku gani naweza kutosha franga yangu?" na "Guichet yenu ingine iko wapi?" Nakuomba, Mama. Ile franga iko na tarehe. Mutoto hangojake mwisho wa mwaka.

Mimi binti yako,
Nadège


Butembo, tarehe 18 mwezi wa tatu 2001

Nadège wangu, caissière yangu,

Nakusalimia mara kumi. Mugongo imepona, sijui ni mafuta ao ni furaha. Mvua inanyesha vizuri, maharagi imepanda bei, na mama yako anang'aa.

Beseni iko ku nyumba! Ni ya bluu kabisa. Niliweka dola mia moya na makumi tano kwa Caisse Bahati. Ile maswali yako mbili, kusema kweli, sikuuliza. Yule monsieur wa guichet yao alisimama, mwana wangu, alisimama juu ya kunipokea mi muuzisha maharagi, akasema: "Karibu, cliente yetu ya heshima." Maswali ikatoka mu kichwa sawa kuku mu kitunga. Karatasi ilikuwa na maandishi ya sisimizi, nikatia kidole. Usiogope. Wakati wa kuzaa nitaenda kusemezana naye. Hakuna mutu mu Butembo nilishindwa naye mu bei.

Lakini sikutaka batu baseme mama ya caissière hana carnet ya akiba kwa mutoto yake. Tarehe tano nilipeleka zile dola tano zilizobaki ku Tulinde. Ku guichet kuko Papa Josaphat, muzee mwenye miwani ya kufunga na kamba. Nikamuuliza:

"Papa, hii nusu dola ya mwezi, mwisho ngapi?"

"Mama, ni nusu dola."

"Nakupa robo."

"Mama, haiko nyanya."

"Basi nipe matabishi."

"Matabishi gani?"

"Hata bic."

Nadège, akachukua kamba, akafunga bic yake ya kuandikia ku meza, mbele ya macho yangu!

Nikalipa ile ya kwanza, na maneno mingi juu yake. Nambari yangu ni ine-moya-saba. Lakini ya pili silipe. Wewe uko ndani, semezana na bakubwa bako batoshe ile nusu dola. Mutoto anapika mu jikoni, halafu mama yake analipia sahani? Nimeshaambia Mama Jokébed kama balinitoshea juu ya kazi yako nzuri. Alinyamaza mpaka saa kumi.

Mama yako mwenye beseni,
Mariette


Beni, tarehe 8 mwezi wa ine 2001

Mama,

Salamu nyingi, na furaha ya Pasaka inayokuya. Tuko na afya. Mutoto ameanza kucheza. Timothée anaweka sikio anasema ni kandanda.

Ile maneno ya nusu dola imekwisha. Tarehe tano hakuna mutu atakuuliza kitu. Lakini nakuomba, hapana kuitangaza tena mu soko.

Juu ya Bahati, sina la kusema. Imeshakuwa.

Binti yako,
Nadège


Butembo, tarehe 10 mwezi wa sita 2001

Mutoto yangu mwenye nguvu,

Uko namna gani? Miguu inavimba? Uiweke juu ya kiti jioni. Mi niko muzima, natembea mpaka paroisse bila kupumzika.

Niliitangaza. Unisamehe. Sikupanga, ilitoka yenyewe. Mama Jokébed, naye ameshapata yake, alileta beseni ya pili, juu dada yake mukubwa aliweka mia ingine kwa Bahati. Alizipanga zote mbili juu ya meza, batu bazione. Nikasema kwa sauti: "Beseni ni plastiki. Mimi, nyumba muzima ya Tulinde ilisema: mama ya Nadège asilipe." Wamama bote bakageuka. Eh, hiyo siku niliuzisha magunia mbili.

Lakini sikuandika juu ya hiyo. Nataka kukuambia kitu nimeona, na mpaka leo sijakitulia.

Juzi nilikuwa na dola mbili mukononi, nikasema nijaribu ile njia yenu ya phonie mbele sijaiamini. Josaphat akachukua dola zangu, akazitia mu musanduku, akafunga na funguo. Niliziona! Zilibaki Butembo. Kisha akakaa mbele ya ile mashini, ikaanza kulia sawa mahindi inakaangwa. "Beni, Beni, Beni, hapa Butembo. Ine-moya-saba. Mbili. Narudilia: mbili."

Na sauti yako ikatoka.

Nadège! Sauti yako, ile niliitia maziwa, ikatoka mu chuma: "Butembo, bien reçu. Mbili. Nimepokea." Niliangalia nyuma ya mashini. Nilipiga magoti, niangalie na chini ya meza. Josaphat akaniambia: "Mama, simama, chini muko waya tu." Mi nikalia mbele ya batu, sikuona haya.

Sababu nimehesabu. Kutoka hapa mpaka kwako kuko barrière saba za basoda. Muyisa akipita na kamyo, kila barrière banamushusha, banapasua hata mukate, banatafuta ndani. Na dola zangu zilipita zote saba, hakuna musoda aliona hata kivuli. Zilipanda mulima ya Kabasha, kule kamyo zinaliaka, zikapanda bila kuhema. Zilifika kwako mbele Josaphat hajavua miwani.

Usiku nilikaa ku barza nikaangalia hewa ya upande wa Beni. Nilidhani ni tupu. Kumbe muko njia.

Wasingya kutsibu, aksanti mingi, mwana wangu. Mi nilisoma mpaka darasa ya ine, lakini nilizaa mutu anayesema na hewa.

Mama yako,
Mariette


Beni, tarehe 1 mwezi wa saba 2001

Mama yangu,

Nakusalimia, wewe na bote ba soko. Natumaini uko na afya. Mimi nakula vizuri, nalala vibaya.

Nilienda kwa munganga siku ya tatu ya wiki. Mutoto amelala kikingama, na mulango ni mudogo, sawa vile ulisema. Atanikata, karibu na mwisho wa mwezi wa munane. Ni munganga muzuri, hakunificha kitu. Dawa ya kulaza na nyuzi banazitoshaka Uganda, na njia inafungwa kila mara. Donc kila mugonjwa anaweka caution mbele, bapate kununua. Ni dola mia moya na makumi mbili.

Mama, sasa njo wakati. Tosha ile franga kwa Bahati, uilete kwa Josaphat, mi nitaipokea huku. Hapana kuipa Muyisa. Barabara imeharibika, wiki hii balipiga kamyo mbili.

Siogopi sana. Ningeogopa mingi kama sikukuwa na wewe.

Binti yako,
Nadège


Butembo, tarehe 22 mwezi wa saba 2001

Nadège,

Salamu. Uko na afya? Mutoto anacheza bado? Mi niko. Sijui kama niko muzima, lakini niko.

Nilienda kwa Bahati. Yule monsieur, safari hii hakusimama.

"Monsieur, mutoto yangu anakatwa. Nataka franga yangu."

"Pole sana, cliente yetu ya heshima. Ni tarehe makumi tatu na moya ya mwezi wa kumi na mbili."

"Nakuachia zile tatu za juu."

"Tarehe makumi tatu na moya, mama. Ulitia kidole."

Nikarudi nyumbani. Nikaosha beseni na majivu, nikaibeba ku kichwa, nikavuka mji muzima, batu bananiuliza, "Mama Nadège, unahama?" Nikaiweka mbele yake. "Haya, narudisha na beseni." Aliiangalia, akaigeuza.

"Mama," anasema, "imetumika."

Mwana wangu, tangu nilizaliwa sijashindwaka mu bei. Siku hiyo nilishindwa. Hakunitukana, hakuniibia. Aliniambia kila kitu ku karatasi, mi njo niliangalia rangi ya beseni. Wewe uliniandikia maswali mbili, mbili tu, na mi nikaziacha ku mulango juu mutu alisimama aniite wa heshima.

Nimeuzisha maharagi yote ya meza, kwa bei ya kilio. Leo nimekutumia ku phonie dola makumi mbili na moya. Inabaki makumi tisa na tisa. Nimeenda kwa Padri, kwa Stanislas. Bote bananiambia ngoja. Mama Jokébed alinipa beseni moya niuzishe, sikutarajia. Hakuna mununuzi, mji muzima uko na beseni.

Nitatafuta. Usilie, kulia kunavuta tumbo.

Mama yako


Butembo, tarehe 2 mwezi wa kenda 2001

Nadège, mwana wangu,

Nakusalimia. Habari yako? Nauliza vile tunaulizaka, lakini leo nauliza kweli: habari yako? Uko?

Sijui nani atachukua baruwa hii. Muyisa amefunga kamyo. Naandika juu mikono yangu haina tena kazi.

Labda bameshakuambia haya yote. Labda hujui. Nakuandikia vile ilikuwa.

Tarehe makumi mbili na ine ya mwezi wa munane, saa ine ya asubuhi, niliona Papa Josaphat anavuka soko anakimbia. Muzee yule, na miwani mukononi! "Mama Nadège, acha yote. Beni iko inakuita." Nilikimbia. Mama Jokébed aliacha meza yake, akakimbia nyuma yangu.

Sauti haikuwa yako. Ilikuwa Bénite, yule mwenzako wa guichet. Akasema:

"Mama, Nadège yuko ku mulango ya salle ya kukatia. Uchungu ulianza mbele ya siku. Caution inabaki makumi tisa na tisa. Caisse ya mukono inaweza kuilipa sasa hivi, lakini mwanamemba anapashwa kukubali na kinywa yake."

"Mwanamemba gani?"

"Wewe, Mama. Ine-moya-saba."

"Mi? Mi silipake! Mi balinitoshea!"

Josaphat alifungua kitabu kikubwa, akaweka kidole. Mihuri sita, mwana wangu. Sita, zimepangwa sawa meno. Ku ya kwanza muliandikwa: "Butembo, mwenyewe." Ku zile tano zingine: "Beni, imelipwa na binti." Tarehe tano, tarehe tano, tarehe tano. Ya sita ilikuwa ya mwezi ule ule, siku kumi na kenda tu mbele ya uchungu wako.

Mama Jokébed alikuwa ku bega yangu. Anajua kusoma kunipita. Alisoma yote. Nilingoja acheke. Akashika mukono yangu tu.

Batu bote ba mustari banajua nilisema nini mu soko. Bote. Ningependa chini ifunguke.

"Mama, sema," Bénite anasema.

Nikasema: "Nakubali."

"Rudilia, Mama, haisikilikani."

Nikapiga kelele mpaka njiwa za paa ziliruka: "NAKUBALI! Ine-moya-saba! Mariette Kahongya! Nakubali!"

Na ile mashini ikalia mara moya, ikanyamaza. Masasi ya bunduki ilianza upande wa mulima, kisha kitu kikubwa kikapasuka, na antenne ya phonie ya Tulinde ikalala ku paa. Sikusikia "bien reçu".

Leo ni siku ya kenda. Nakaa ku meza, sina kitu cha kuuzisha, naangalia ile hewa. Mwezi wa sita nilikuandikia kama muko njia. Dola zangu mbili zilipita barrière saba. Sasa nataka kujua kitu moya tu, sitaki matabishi, sitaki faida: neno yangu ilipita?

Mama yako


Beni, tarehe 16 mwezi wa kenda 2001

Mama, ilipita.

Habari ya afya yako nitauliza chini. Ilipita, Mama. Bénite alisikia "Nakubali" mara mbili, na jina yako muzima, na hata njiwa. Alikimbia na karatasi mpaka ku salle, hakuvaa viatu. Banganga bakaingia mara moya.

Ni binti. Alizaliwa saa tano na robo. Kilo tatu, na matabishi kidogo. Ni wa kwanza, donc ni Masika sawa desturi yetu, na jina ya pili ni Mariette. Analia sana, anataka kila kitu sasa hivi, tumeshajua ametoka kwa nani.

Sasa, habari ya afya yako? Kula. Baruwa yako ilinifikia jana. Muyisa aliacha kamyo, alipita na kinga, baiskeli yake, mu njia za mashamba, siku tatu. Nasikia vita imetulia kidogo, ndiyo maana nasubutu kumurudisha na hii.

Mama, ile nusu dola. Nilikuwa naitosha ku chai yangu ya saa ine. Haikuniua, chai ya hapa ni maji ya rangi. Ningekuambia, ungerudisha carnet siku ile ile, nakujua. Na tena ulikuwa umeshasema mu soko kama balikutoshea. Nilihesabu: nusu dola kwa mwezi, mama yangu asionekane muongo. Niliona ni bei nzuri.

Usione haya mbele ya batu. Mi nilikuwa nimelala pale, sina nguvu hata ya kusema jina yangu, na jina yako ikafungua mulango.

Kidonda kinapona. Ukuje kutuona siku njia itafunguka.

Binti yako, na mujukuu yako,
Nadège na Masika Mariette


Butembo, tarehe 7 mwezi wa kumi 2001

Kwa mama Masika, mutoto yangu, na kwa Masika, mama yangu mupya,

Nabasalimia, nabasalimia tena. Kidonda kimefunga? Maziwa inatoka? Kunywa uji wa mtama. Hapa mugongo haiko, miguu haiko, nimesahau viungo vyote vinavyoumaka. Muyisa alipofika na baruwa yako nilimupa kuku, alikuwa wa kutaga. Baruwa nilisomesha mu soko yote. Ile ya chai pia. Mama Jokébed njo aliisoma kwa sauti, juu mi macho ilikuwa na maji. Alipofika pale "bei nzuri" naye akasimamisha.

Nikabaambia wamama: "Mi nilibadanganya. Hakuna mutu alinitoshea. Ilikuwa mutoto yangu." Unajua balisema nini? Mama moya alisema: "Basi heshima yako imepanda, haikushuka." Wiki hii saba kati yao balienda kufungua carnet kwa Tulinde. Tarehe ya tano ya mwezi Josaphat alifungua bic ku kamba, mustari ilikuwa murefu.

Mi nilikuwa mu ule mustari. Nilivaa kikwembe ya misa. Antenne imesimama tena. Kwanza nilituma kwako dola mbili na nusu, ni chai yako ya miezi mitano. Uinywe. Sauti yako ilijibu, na nyuma yake nikasikia mutoto analia, kutoka Beni, juu ya barrière saba, mulima na pori. Batu bote ba mustari balivua kofia. Hii niliiona na macho, siyo kusema.

Beseni inakuya kwako, Muyisa ameifunga nyuma ya kinga. Mwezi wa kumi na mbili nitatosha franga kwa Bahati, nirudishe ile ya caisse ya mukono yote pamoja. Masika aogee ndani ya beseni. Ni beseni nzuri, haina kosa. Kosa ilikuwa ya mwenye kuitamani.

Kisha nikaweka nusu dola ya mwezi ku mbao ya guichet, ile mbao iliyopasuka. Sikuuliza mwisho ngapi. Josaphat akagonga muhuri wa kenda, juu ya ule wa munane niliolipa mwezi jana mimi mwenyewe... hapana, nimekosea: wa mwezi jana ni wa saba, wa leo ni wa munane. Unaona, nimeanza kuhesabu mihuri sawa rozari.

Akaniambia: "Aksanti, Mama. Anayefuata."

Sikuondoka. Nilifungua kitunga, nikatosha kopo ya maharagi ya mavuno mapya, nikaijaza, kisha nikaongeza mukono moya juu mpaka zingine zikamwagika ku kitabu yake. Nikaisukuma chini ya vyuma.

"Mama Nadège, hii ni nini?"

"Matabishi."

Alivua miwani. Aliangalia maharagi, akaangalia kitabu, akageuza ukurasa moya, akageuza mwingine. Kisha muzee yule akaniuliza polepole, na bic mukononi:

"Mama, hii niandike wapi?"

Mukaka, bibi ya Masika,
Mariette Kahongya, ine-moya-saba